Mshale Usiorudi Sifuri

Mzee Sifuri hauamini hata mwavuli wake mwenyewe. Kabla ya kutoka nao huufungua ndani ya chumba, akautazama kwa chini akitafuta tundu, ndipo anaufunga na kwenda zake. Nimekaa naye chumba kimoja cha kazi miaka mingi, mimi na cherehani yangu upande wa dirisha, yeye na mita zake upande wa ukuta, pazia katikati. Kwa hiyo ninayosema nimeyaona, sikusimuliwa.

Jina hilo alipewa na wateja. Mtu akimletea mita ya umeme ya zamani, zile nzito za mshale zenye kishikio cha ngozi, swali lake la kwanza ni, "Uliweka sifuri kabla ya kupima?" Wengi hawaweki. Wanagusisha nyaya, wanasoma wanachosoma, majibu yasipoeleweka wanailaumu mita. Yeye huchukua bisibisi ndogo, akageuza skrubu iliyo chini ya kioo taratibu mpaka mshale ulale juu ya sifuri, jicho moja kalifumba. Nyuma ya mshale kuna ukanda mwembamba wa kioo cha kujitazamia. Ukiona mshale umeificha sura yake mle kiooni, umesoma sawa. Ukiona mishale miwili, umesoma upande. Basi na watu naye huwatazama hivyo hivyo, jicho moja limefumbwa. Mara ya kwanza aliponiangalia namna ile nilidhani ananikonyeza, nikamnunia wiki nzima.

Usidhani hana wateja. Mafundi wa kusuka mota na wa redio wanazipenda mita hizo kuliko zile mpya za namba. Namba hurukaruka, hujui ushike ipi. Mshale hupanda na kushuka mbele ya macho yako, ukaona kabisa kwamba mahali fulani waya umelegea. Kwa hiyo humletea mita za urithi, zilizoliwa na maji ya betri, zilizoanguka, hata zenye kiota cha mende ndani. Mzee huzifungua, akakwangua kutu ya kijani, akaondoa vumbi la chuma kwenye sumaku, akanyoosha ile springi nyembamba kama unywele inayourudisha mshale kwake.

Springi hiyo ndiyo iliyomleta mkwe wake mezani. Mikono ya mzee ilikuwa imeanza kutetemeka. Kulehemu bado aliweza, lakini kwenye springi kibano kikitikisika kidogo tu, kwisha habari. Mke wa mwanawe, ambaye mumewe anafanya kazi mji mwingine, alikuja siku moja kumletea chakula, akamkuta anahangaika, akasema, "Baba, hebu nijaribu." Akainyoosha. Mzee akaitazama kwa jicho moja, akatafuta kosa, akalikosa. Tangu hapo akawa anamfundisha kazi, akampa na ufunguo wa pili. Sikuwahi kumwona mzee yule akifurahi vile. Akawa hata anaimba. Vibaya, lakini anaimba.

Halafu mishale ikaanza kugoma.

Mita aliyoiacha sifuri jioni, asubuhi aliikuta mshale umesimama pembeni, kama uliokatazwa kurudi. Tena si mita moja. Anagonga kioo kwa kidole, mshale unatikisika na kubaki pale pale. Anageuza skrubu mpaka urudi sifuri. Mchana anaukuta umepita upande wa pili. Machale yakamcheza. Kuna mtu anazichezea.

Mshukiwa wa kwanza nikawa mimi. Eti cherehani yangu inatetemesha ukuta. Nikamtolea uvivu: cherehani hii imeanza kuimba humu ndani kabla yake, na ukuta ungekuwa unatetemeka kiasi hicho paa lingekuwa limeshatuangukia. Akahamia kwa jirani wa ng'ambo ya barabara, anayeuza mita za namba, kwamba anaingia kwa siri kuharibu ili wateja wakimbilie kwake. Jirani yule hata kufungua duka lake mwenyewe ni kazi, hufika jua limeshapanda, anapiga miayo. Akabaki mtu mmoja, mwenye ufunguo.

Nilimwona mzee anavyobadilika, na sikupenda. Akitoka, anarudi ghafla kama aliyesahau kitu, kumbe hajasahau chochote. Akiulizwa, anajibu kwa mkato. Mkwe akawa anacheka kumpooza, baadaye akaacha kucheka. Kisha mzee akatega mtego: akadondosha tone la rangi nyekundu juu ya kila skrubu ya mgongoni, ili mita ikifunguliwa rangi ipasuke. Asubuhi akakuta rangi nzima, mshale pembeni. Mtu mwingine angesema, basi, hakuna aliyeifungua. Yeye akaja kuninong'oneza kwenye pazia, "Unaona ujanja wake? Amepaka upya."

"Amepaka upya na rangi gani, mzee? Si kopo unatembea nalo mfukoni?"

"Ndiyo ujiulize."

Nilijiuliza, nikaona afadhali nishone.

Mambo yaliharibika siku fundi mmoja wa mota alipokuja na kuitua mita mezani kwa kishindo, wateja wangu wanatazama. "Mzee, hii mita uliyonitengenezea inaongopa. Nimefumua mota nzima ya watu bure!" Mzee aliivuta mita upande wake. Alingoja atoke, akamgeukia mkwe.

"Nani amekutuma?"

"Amenituma wapi, baba?"

"Asubuhi kabla sijafika, mita zangu unazifanya nini?"

"Nafagia, nazipangusa vumbi, nakaa nakusubiri."

"Kupangusa tu?"

"Kupangusa tu. Kwani nimekosa nini, baba?"

"Weka ufunguo mezani. Kesho usije."

Alivua aproni, akaikunja, akaweka ufunguo juu yake. Hakulia. Afadhali angelia, maana uso ule uliniuma kuliko kilio. Akaniambia, "Mama, tutaonana," akatoka. Mimi nilikuwa na mkasi mkononi na hasira kifuani, nikakata nguo ya mteja kombo.

Asubuhi iliyofuata mzee alifagia mwenyewe, huku anaguna. Akachukua kitambaa kilichokuwa kimetundikwa msumarini, akaanza kuipangusa mita ya yule fundi. Mara nikasikia kimya. Nikachungulia. Mshale ulikuwa umepanda, unafuata kitambaa. Akipangusa kulia unakwenda kulia, akipangusa kushoto unakuja kushoto. Akaweka kitambaa chini. Mshale ukabaki katikati ya njia. Akainama, akaupulizia uso wa mita pumzi, haa, kama mtu anayesafisha miwani. Mshale ukateremka wenyewe mpaka sifuri.

Mita hizi zilitengenezwa zikiwa na vioo vya kweli. Vilivyovunjika, mzee mwenyewe alikuwa amevibadilisha kwa plastiki, aliyoikata kwa msumeno mdogo na kuipiga msasa mpaka ikang'aa, na alijisifu sana kwa hilo, kwa kuwa vioo vya kipimo kile havipatikani tena. Lakini plastiki ikisuguliwa kwa kitambaa kikavu huvuta vitu vyepesi, kama kitana kilichotoka kwenye nywele kinavyovuta vipande vya karatasi. Mvuto huo huisha wenyewe polepole, au mara moja ukipata unyevu wa pumzi. Mshale wa mita ni mwepesi mno. Mkwe alivyozidi kuwa msafi, ndivyo mishale ilivyozidi kugoma.

Mzee alikaa pale, mabega yamemwanguka. Akaifunga mita na kitambaa ndani ya gazeti, akaenda nyumbani.

Hakuchelewa kurudi. Akanisimulia mwenyewe, bila kuniangalia. Alimkuta mkwe uani anafua. Akaweka mita juu ya kigoda, akapangusa, akamwonyesha mshale unavyopanda; akapuliza, akamwonyesha unavyoshuka. Akamweleza habari ya plastiki yote, hatua kwa hatua. Mkwe alitazama mpaka mwisho, mikono ina povu. Kisha akauliza, "Kwa hiyo, baba, kama usingeiona hii plastiki inavyovuta, mimi ningekuwa mhalifu mpaka leo?"

"Ukamjibu nini?" nikamuuliza.

"Nikamwonyesha mara ya pili."

Nilisimamisha cherehani. "Mzee, alishaona mara ya kwanza. Msamaha ulimwomba?"

"Nimemweleza kila kitu. Tatizo lilikuwa plastiki."

"Plastiki ndiyo iliyomwambia asije?"

Nilidhani atanifokea, na nilikuwa tayari kwa vita. Badala yake akaishusha mikono yake mapajani, akawa anaitazama inavyotetemeka.

"Na akikataa?" akauliza, taratibu, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Ana haki ya kukataa. Nenda."

Akainuka. Akaichukua ile mita, akasimama nayo kidogo, akairudisha mezani. Akatoka mikono mitupu.