Sinema ya Bure, Kutoka Mbeya Hadi Idodi

Niliondoka Mbeya kwa sababu ya tamaa. Wengine husafiri kwa msiba, kwa masomo au kwa kuhamishwa kazi. Mimi nilikuwa na studio yangu ya picha karibu na soko, watu wanakuja kupigwa picha za vitambulisho na za harusi, tunakula, watoto wanasoma. Ndipo akaja Laurenti na Landrova yake, suruali imepanuka chini, miwani myeusi hata siku ya mvua, akaniambia kwamba mimi ni mjinga.

"Ndugu Ambokile," alisema, "wewe unamngoja mtu aje alipie sura yake mwenyewe. Mimi nawaonyesha watu sinema bure. Wenye maduka ndio wanaonilipa, kwa sababu anayekuja kuona sinema anaiona na sabuni yao. Biashara si picha, ndugu yangu. Biashara ni macho ya watu."

Alikuwa na kamera ya sinema, projekta, jenereta na kipaza sauti. Alichokosa ni mtu wa kusafisha mikanda, maana kuipeleka mbali kulichukua wiki nyingi, na mimi dawa nilizijua. Nikafunga studio. Mke wangu, Mama Atupele, alinifungia magimbi ya njiani akaniuliza swali moja: "Huyo mtu mbona hajataja hata filamu moja nzuri aliyoitengeneza?" Nikamwambia hajui biashara.

Tulitoka asubuhi, ukungu umelala Uyole mpaka taa za malori ya Zambia zikawaka mchana. Laurenti aliendesha kwa mkono mmoja na kunifundisha kwa mkono wa pili. Kufika Chimala nilikuwa nimeshakuwa tajiri mara mbili, kwa maneno yake.

Jioni tulifika Igawa. Tulifunga shuka jeupe ubavuni mwa Landrova, jenereta ikanguruma, na Laurenti akashika kipaza sauti: "Njooni mwone ng'ombe anayesema kama mtu! Bure! Bure kabisa!" Walikuja wafugaji kutoka bondeni Usangu, wake kwa waume, fimbo mabegani. Kwanza wakaonyeshwa mikono ikifua shati kwa sabuni. Kisha wakaonyeshwa treni ikipita darajani. Kisha sabuni tena. Mwisho akaja ng'ombe, anacheua, na kila alipochezesha mdomo Laurenti alisema ndani ya kipaza sauti, "Nunueni sabuni, nunueni sabuni."

Mfugaji mmoja aliyekaa mbele alisimama akamtazama yule ng'ombe kwa makini.

"Huyu anaumwa kwato," alisema. "Mwenyewe hajamwona?"

Hilo ndilo lilikuwa neno la maana pekee lililosemwa jioni ile, na lilisemwa na mtazamaji. Sisi wenye sinema tulikuwa tunahesabu vichwa.

Siku iliyofuata tulipita Makambako, na saa kumi na moja tukawa Nyololo, baridi inakata masikio. Pale Laurenti alitangaza mtu aliyemezwa na chatu akatoka mzima. Watu wakaacha viazi vyao kando ya barabara wakaja. Wakaona sabuni, wakaona chatu amelala kwenye sanduku la waya, wakaona sabuni. Mama mmoja muuza chai, birika bado mkononi, alimfuata Laurenti.

"Kaka, mtu mwenyewe yuko wapi?"

"Safari ijayo, mama."

"Umetuita hapa kwa uongo."

Mama alipokwenda, Laurenti alinigeukia akicheka. "Umeona? Amekasirika. Lakini si amekuja? Hata mwenye hasira ana macho mawili."

Nilicheka naye. Nataka msomaji ajue hivyo, asije akadhani mimi nilikuwa mtakatifu niliyepakiwa ndani ya gari la mwovu. Nilicheka mpaka Mafinga.

Iringa tulipokelewa na tajiri wa sabuni mwenyewe, mwenye duka mjini, mtu wa tumbo na salamu fupi. Hakuuliza filamu zetu zinaonyesha nini. Aliuliza watu ni wangapi, na tulipomwambia akakunja uso. Anataka uwanja ujae. Laurenti akamwambia, bila kupepesa, kwamba tunakwenda Idodi kumpiga picha mtu aliyepambana na simba. Habari ile alikuwa ameisikia kwa dereva wa basi, dakika kumi kabla.

Kwenda Idodi kulituchukua asubuhi nzima katika vumbi jekundu. Mtu yule alikuwepo kweli. Aliitwa Mzee Kihwele, mkulima, mkono wake wa kushoto umepinda na hauwezi kunyooka. "Kamwene," tukasalimiana, akatukaribisha kwenye vigoda, mkewe Mama Yusta akatuletea ugali na mboga ya kunde. Mama huyo alikuwa akichechemea.

Mzee alisimulia polepole. Alfajiri moja simba aliingia zizini kwa mbuzi, Mama Yusta akatoka na kijinga cha moto kumfukuza, simba akamkamata mguu. Mzee hakuwa na silaha ndani.

"Nikakimbia kwa jirani kuchukua mkuki," alisema. "Nikarudi. Ndipo simba akaniacha na mkono huu."

"Safi sana!" alisema Laurenti. "Sasa mzee, ukimbie tena, kama siku ile. Kutoka zizini mpaka kwa jirani."

Mzee alikwenda kwanza kuvaa shati lake la kanisani. Kisha akakimbia, mtu mzima yule, mkono umepinda, huku mimi namfuata na kamera. Alikimbia vizuri. Alipofika kwa jirani alipokea mkuki, akageuka, na akaanza kurudi.

"Kata," Laurenti aliniambia kwa sauti ndogo. "Inatosha."

Mkanda ulikuwa umebaki zaidi ya nusu. Nilijua. Nikaondoa kidole. Mzee akaja mbio mpaka zizini na mkuki wake, akasimama anahema, akaniuliza, "Imetoka vizuri, mwanangu?"

Nikasema, "Imetoka vizuri, baba."

Laurenti aliwaalika wote wawili Iringa, Jumamosi, waje kujiona.

Siku mbili nilifungiwa katika chumba cha nyumba ya wageni, madirisha yamezibwa kwa blanketi, nikasafisha mkanda ndani ya ndoo. Ulitoka wazi kabisa. Sijawahi kusafisha picha nzuri kama ile, na tangu siku ile sifa hiyo hainifurahishi.

Jumamosi saa moja jioni uwanja ulijaa. Laurenti alikuwa amezunguka mjini mchana kutwa akitangaza "Simba, Mtu na Mke". Mzee Kihwele na Mama Yusta walikuwa wamekuja na basi, tukawaketisha mbele karibu na tajiri. Sabuni ikapita. Kisha mzee akatokea kwenye shuka, anakimbia, na Laurenti akaanza:

"Huyo! Huyo! Simba anakula mke, mume anakula barabara! Wanawake wa Iringa, mkiolewa, mwulizeni kwanza bwana anajua kukimbia?"

Uwanja ulicheka. Watu walishikana mabega kwa kucheka. Laurenti akaniamuru nirudishe mkanda mwanzo, nami nikaurudisha, mzee akakimbia mara ya pili. Nilimtazama pale alipokaa. Alikuwa ameushika ule mkono mbovu kwa mkono mzima, anaangalia ardhi.

Mama Yusta ndiye aliyesimama. Alichechemea mpaka kwenye mwanga, kivuli chake kikalifunika shuka lote. Alipandisha kitenge mpaka gotini, mbele ya watu, mama wa heshima kama yule. Mguu ulikuwa na mashimo ya meno.

"Mimi ndiye mke," alisema. "Mnanicheka nikiwa nimekufa? Nani alinitoa mdomoni mwa simba, hii sabuni?"

Nikazima projekta. Mama akamshika mumewe mkono, watu wakawapisha njia, wanaume wengine wakavua kofia.

Tajiri akamwinamia Laurenti. Nilidhani anaona haya. "Mama huyo," alisema, "hawezi kuwa anakuja kila Jumamosi?"

Asubuhi niliwakuta wale wazee kituo cha mabasi. Niliomba radhi. Nikasema nitawapiga picha nzuri ya bure, wamekaa pamoja, niilete Idodi mwenyewe.

"Wewe ulikuwa unaniona ninarudi," alisema mzee. "Ulikuwa umesimama pale pale."

Akapanda basi.

Nilirudi Mbeya kwa lori la mbao, juu ya mzigo, njia nzima najifunika maturubai. Laurenti hakunitafuta. Nasikia amepata fundi mwingine na Landrova ya pili, na watu bado wanajaa. Nilichojifunza ni kwamba ukipiga kelele ya kutosha watu watakuja, na kwamba kuja kwao hakusemi lolote juu ya ulichowaitia. Ng'ombe mgonjwa, chatu, mtu mwema, kwa Laurenti vyote ni kitu kimoja. Na fundi anayekubali kukata hana tofauti na aliyesema "kata".

Mama Atupele alinisikiliza mpaka mwisho, anachambua maharage.

"Ule uwanja wote wa watu walimwona anakimbia," alisema. "Nani amewaambia mengine?"

"Mkewe."

"Mkewe alisema lake. Wewe uliyekuwa na kamera, umesema nini?"

Basi nasema sasa, kwa yeyote aliyekuwepo uwanjani Iringa na akacheka: Mzee Kihwele wa Idodi alichukua mkuki, akageuka, akarudi. Mimi nilimwona.