Nilivyomtafsiria Mama Kinu cha Nyuklia

Mimi ni mwoga, tena mwoga aliyesomea fizikia, na huo ndio woga mbaya zaidi. Asiyejua mionzi ni nini anaogopa jina tu. Mimi naiogopa pamoja na kanuni zake. Nafundisha sekondari hapa Gungu, na kila mwaka nikifika kwenye mada hiyo sauti yangu hushuka, mpaka wanafunzi wa nyuma wanalalamika kwamba hawanisikii.

Kwa hiyo nilipoitwa ofisi ya wilaya nikaambiwa kuna wageni wanataka kuzungumza na watu wa kijiji chetu kuhusu kinu kidogo cha nyuklia cha kufua umeme, nilitaka kukataa papo hapo. Afisa aliyeniita, mtu wa Kilimanjaro aliyehamishiwa huku, alinituliza. Hakuna kinachojengwa, alisema. Wanatafuta tu sehemu za kando ya ziwa zenye mwamba imara na maji mengi ya kupozea. Mtaalamu wao anazungumza Kiingereza, wazee wa kijiji wanazungumza Kiha, na walihitaji mtu wa kukaa katikati anayeielewa sayansi yenyewe. Huyo nilikuwa mimi.

"Ila mwalimu, nakuomba kitu kimoja," afisa aliniambia nikiwa mlangoni. "Usiwatie watu hofu."

Nikasema sawa. Mwenyewe nilikuwa nimejaa hofu hadi shingoni.

Kijiji chetu kiko kando ya ziwa, ukishaipita Bangwe. Mama anaishi huko, anaanika dagaa. Siku ya mkutano alikaa mstari wa mbele chini ya turubai, amevaa kitenge chake cha kanisani kwa sababu mwanawe angesimama mbele za watu. Mtaalamu alieleza vizuri, na mimi nilitafsiri vizuri. Kinu kinaundwa kiwandani vipande vipande, kinaletwa, kinaunganishwa. Ndani yake joto linachemsha maji, mvuke unazungusha mtambo, umeme unatoka. Hata umeme wa kuendesha pampu zake ukikatika, kinajipoza chenyewe. Hapo watu waliguna kwa kuridhika. Sisi umeme ukikatika, samaki wetu wa migebuka wanatuozea kwenye friji.

Nakiri nilianza kujisikia. Nilikuwa narusha mikono kama niko darasani.

Kisha mama akainua mkono. Kiswahili chake ni cha sokoni, hivyo aliuliza kwa Kiha. "Kwetu mwenye nyumba akikukaribisha pombe ya ndizi, anaonja yeye kwanza, unamwona, ndipo unakunywa. Muulize mgeni. Hiki kidogo, wao wameshaonja?"

Watu wakacheka. Nikamtafsiria mtaalamu, na yeye hakucheka. Alisema vinu vikubwa vipo miaka mingi katika nchi nyingi. Vidogo vinavyofanya kazi ni vichache sana. Aina hii anayoizungumzia bado iko kwenye michoro na majaribio, haijawashwa popote. Aliyasema hayo bila kuzunguka, na mpaka leo namheshimu kwa hilo.

Zamu yangu ikafika. Nilimwona afisa ananitazama. Nyuma ya watu niliona ziwa, na mimi najua jinsi lilivyo: maji yake yana kina kirefu na hayana haraka ya kutoka, kinachoingia humo kinakaa humo vizazi na vizazi. Nilihisi kwamba nikitamka "haijawashwa popote" nitaitamka kwa kupiga kelele, na woga wangu wote utamwagika mbele ya wale wazee. Nikasema kwa Kiha, "Anasema ndiyo. Wameshaonja, wamekizoea."

Hakuna aliyenishika. Afisa alijua Kiingereza lakini Kiha hakijui. Mama na wenzake walijua Kiha lakini Kiingereza hawakijui. Mtaalamu alinitazama kwa shukrani, maskini.

Baada ya hapo ilitolewa karatasi ya ridhaa. Walitaka kutoboa mwamba na kuchukua sampuli, na kiwanja kimojawapo kilikuwa kile cha mteremkoni alichoachiwa mama na baba. Nilimsomea karatasi neno kwa neno. Akaweka dole gumba. Wenye viwanja wengine walikuwa wanamsubiri yeye, na walipomwona, nao wakaweka.

Siku zilizofuata nilikesha. Nilijiambia kwamba ni tundu tu kwenye mwamba. Nilijiambia kwamba huenda kinu chenyewe ni salama, tena huenda kikafaa kuliko moshi wa majenereta, na hilo kwa kweli sijui hata sasa. Lakini halikuwa hilo lililoninyima usingizi. Mama alikuwa ametoa ardhi yake kwa jibu ambalo hakuna mtu aliyelitoa.

Ndipo siku moja, niko maabara na kidato cha tatu, mirija ya kioo ikaanza kugongana kwenye rafu. Lilikuwa tetemeko dogo. Tunayapata huku, tuko kwenye bonde la ufa, na kwa kawaida likipita tunataniana. Wanafunzi walikimbilia nje wanacheka. Mimi nilibaki ndani. Nilishika meza kwa mikono miwili, nikiwaza mwamba ule na dole gumba la mama, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi nililia darasani.

Sikusubiri kengele. Nilichukua bodaboda mikono ikiwa bado na chaki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona saa hizi? Kuna msiba?"

Nikamwambia. Nilimweleza swali lake lilivyoulizwa, mtaalamu alivyolijibu, na mimi nilivyosema. Alinisikiliza huku anageuza dagaa kwenye kichanja, hakusimamisha mkono.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Niliogopa, mama."

"Uliogopa nini?"

"Niliogopa mtaogopa."

Hapo mkono ukasimama. "Si ningeogopa vizuri tu, na kiwanja changu ninacho?" alisema. "Swali nilimuuliza yeye, jibu ukanipa wewe."

Nilianza kumwambia kwamba bado hawajaja kutoboa, kwamba karatasi inaruhusu mtu kubadili nia, kwamba nitamsomea tena pale paliposema hivyo, twende wote ofisi ya kijiji sasa hivi. Alinawa mikono, akajifunga kitenge vizuri, akaitoa nakala yake ya karatasi chini ya godoro.

"Wageuze hao dagaa waliobaki," aliniambia, "jua lisiwapite."

Akatoka. Nilimsikia akipiga hodi kwa jirani yake, mama muuza mawese aliyeishia darasa la saba.

"Twende ofisini," alimwambia. "Nataka mtu wa kunisomea."

Nilitaka kumwita, nikaogopa. Walishuka pamoja kuelekea ofisini, na mimi na digrii yangu tukabaki uani tunageuza dagaa.