Vioo vya Mwezi wa Julai

Mma Tefo alijua hata kabla hajainua macho. Chini ya hadubini, pembeni kabisa mwa kioo cha sampuli, palikuwa na fungu la seli zenye viini vikubwa, vyeusi, vilivyosongamana. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeziona. Na kwenye karatasi ya majibu ya miaka mitatu nyuma, kwa mwandiko wake mwenyewe: Safi.

Mwenye kioo alikuwa amelazwa wodini, saratani ya mlango wa kizazi imeshasambaa. Akipatikana mgonjwa wa namna hiyo, vioo vyake vya zamani hutolewa kabatini vikasomwa upya. Sheria hiyo aliileta Mma Tefo, tangu maabara ikiwa stoo ya mashuka yenye hadubini moja mbovu. Leo hadubini ni saba, na wasomaji wote sita wamepita mikononi mwake. Ijumaa anastaafu, ng'ombe wa sherehe keshanunuliwa, gauni la buluu limetoka kwa fundi.

Ukutani kuna cheti alichopewa kwa kazi ya Julai, mwezi wa kioo hicho. Julai ile mwenzake alikuwa likizo ya uzazi, vioo vimerundikana, naye akasoma mia na hamsini kwa siku, yeye anayewakataza wengine kupita themanini! Wakubwa wakampigia makofi. Tuseme kweli, sifa zilimlevya.

Kioo ni chembamba, na kila wiki huvunjika kimoja au viwili, wala hakuna anayeuliza. Alikishika ukingoni mwa meza kwa vidole viwili.

"Mma, umeona kitu?" Alikuwa Kelebogile, mwanafunzi wake wa kwanza.

Mma Tefo alikirudisha kioo chini ya hadubini. "Seli mbaya zipo. Zilinipita mimi."

Kelebogile alichungulia, kisha akaenda kufunga mlango. "Nani hajakosea, Mma? Tuandike hiki kimoja, yaishe."

"Si kimoja, mwanangu. Julai nzima nilikuwa nakimbia. Toa droo zote."

"Elfu tatu na ushee? Na Ijumaa je?"

"Ng'ombe atangoja. Yeye hana haraka ya kuliwa."

Walisoma siku nane. Yeye hakuruhusiwa kugusa hadubini, maana msomaji hajikagui mwenyewe. Sheria yake hiyo pia. Alikaa ameshika tama, akisikiliza. Msomaji akiona seli mbaya hufungua kalamu aweke nukta ya wino, na kila kifuniko kilipolia, alihesabu. Kililia mara nne.

Mmoja kati ya wanawake hao wanne walikuta keshazikwa. Mma Tefo alilia mbele ya watu wote, bila kujificha, kisha akaomba namba za simu za waliobaki.

"Dumela, Mma. Naitwa Mma Tefo, wa maabara ya hospitali."

"Maabara? Aa, nyie si mlishaniambia mimi mzima!" Mwanamke alicheka, nyuma yake watoto waligombania kitu.

"Ni mimi niliyekuambia. Nilikosea. Bado kuna nafasi ya kutibiwa, lakini usikawie. Njoo kesho asubuhi, nitakungoja getini."

Mwanamke aliwatoa watoto nje, akarudi kwenye simu.

"Utavaa nini, nikujue?"

"Gauni la buluu," akasema Mma Tefo. "Jipya."