Jina la Mgongoni mwa Jezi

Mwaka 1973, nikiwa na miaka tisa, baba alikufa na ng'ombe wake wakachukuliwa na baba zangu wadogo, mmoja mmoja, mpaka zizi likabaki samadi tupu. Darasa la pili nikaliacha hapo hapo. Nilishuka kutoka milima ya Kibakwe, nikaja mjini kubeba magunia soko la Majengo mpaka bega likaota sugu. Sikubebwa na mtu. Naandika hivi ili ujue ni nani anayelalamika.

Maana nalalamika. Dada yangu alifariki akaniachia binti wa miaka sita. Baba wa mtoto, shemeji yangu huyo, alikuwa ameshatorokea machimboni, hata mahari hajamaliza. Kwetu mtoto wa namna hiyo ni wa upande wa mama. Hakuna ambaye angenibishia.

Nilipompeleka shule, mwalimu aliuliza, "Jina la baba?" Ningeweza kutaja langu. Nikataja la shemeji. Ujinga wangu ulikuwa huu: kila Ijumaa majina ya waliochelewesha mchango wa chakula yalisomwa mstarini, shule nzima ikisikia. Nilitaka lisomwe la yule bwana. Mara mbili nilichelewesha makusudi, hela ninazo mfukoni, ili lisomwe.

Mtoto alikuwa na miguu. Pale nilipokuwa naanika alizeti, maana nilishaanza kuinunua na kuiuza, alipita na mpira wa matambara katikati ya magunia bila kugusa hata moja. Nilimfokea, nilimchapa, na alipofika darasa la sita nikachoka, nikamnunulia viatu vya mtumba. Vilimpwaya, tukajaza vitambaa mbele. Timu ya mkoa ikamchukua, kisha klabu ya Dar es Salaam, kisha timu ya taifa. Kiungo. Wanasema yeye ndiye anayegawa mipira, wengine wanafunga tu.

Mechi yake ya kwanza ya taifa niliitazama kibandani kwa muuza kahawa, nimevaa shati la kanisani. Kamera ikamwonyesha mgongo. Namba nane, na juu yake jina la shemeji. Mtangazaji akalitaja, akalitaja tena, kila mpira ulipomfikia.

"Baba wa huyu namjua," akasema bodaboda mmoja. "Amerudi, yuko Kibakwe. Juzi wamemchinjia mbuzi."

Muuza kahawa akanitazama. "Mzee, mbona umenuna? Si tunaongoza!"

"Kahawa yako chungu."

"Ulitaka iwe uji, mzee wangu?"

Watu wakacheka. Mimi kwa wivu hata bao la pili sikuliona. Nimelea mimi, mbuzi anakula mwingine!

Alipokuja likizo nilimwacha ale kwanza. Nikashindwa kungoja amalize.

"Mjomba," nikamwambia, "lile jina la mgongoni libadilishe. Weka langu."

Akacheka. Alipoona mimi sicheki, akaweka tonge chini.

"Nani aliliandikisha, mjomba?"

"Mimi."

"Na nani alisimama nalo mstarini mara mbili, wenzangu wakinizomea?"

Nikajimiminia maji.

"Asubuhi ya Ijumaa ile nilikuona unawalipa wapakiaji, noti zimejaa kiganjani. Nilikuwa mdogo, sikuwa kipofu." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Baba hanihusu. Salamu nilimpa, basi. Lakini jina nililibeba likiwa la kuzomewa, na sasa linashangiliwa. Nimelifanyia kazi mimi. Si lake tena, na lako wewe hukutaka kunipa. Siliachi."

Nilitaka kumwomba radhi. Nikamsogezea bakuli la mlenda, nikasema, "Ongeza mboga." Akaongeza.

Wivu haujaisha, sitadanganya. Nikisikia yule bwana anaitwa Baba Kiungo huko Kibakwe, chakula hakishuki. Ila sijamwomba tena binti abadilishe, na sitamwomba.

Leo nina mashine mbili za kukamua alizeti, ghala moja Majengo, nyumba ya vyumba sita, shamba Chemba lenye hati, ng'ombe kumi na wanane, punda wawili, guta la kubebea mizigo, na televisheni kubwa ya ukutani. Mechi zake zote naziangalia humo, nimezima sauti.