Kikombe cha Kwanza

Kipindupindu kilipoingia kambi ya Kakuma, matroni wetu pale hospitali ya Lodwar aliweka karatasi mezani, akasema anayekubali kwenda aandike jina. Ghafla wauguzi wote tukawa wagonjwa. Huyu mgongo, yule presha, mwingine akakumbuka harusi ya binamu ambaye hatukuwahi kumsikia. Mimi nilikuwa na fomu ya likizo iliyokwisha kutiwa sahihi, na mwanangu, ambaye ndiyo kwanza anaanza kutembea, alikuwa kwa mama yangu Bungoma akinisubiri. Niliandika jina langu kwa hasira tu, kwa sababu ya hiyo harusi. Pembeni nikaongeza: wiki moja.

Kakuma nilikuta mahema mawili, vitanda vya turubai vilivyotobolewa katikati, ndoo chini yake, na klorini iliyowasha macho. Nilivaa glavu, barakoa na gambuti. Woga nilikuwa nao, tena mwingi, ila nilikuwa nimeapa hakuna atakayeuona.

Siku ya tatu dripu zikaisha. Laga, ule mto mkavu unaojaa mvua ikinyesha, ilikuwa imefurika na gari la dawa limekwama ng'ambo. Tulibaki na maji ya chumvi na sukari, na kila aliyeweza kumeza ilibidi anywe. Mama mmoja kijana, mkimbizi kutoka Sudan, akafumba mdomo. Macho yalikuwa yamezama, na ngozi ukiifinya inabaki imesimama. Asipokunywa, hafiki jioni. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Huyu nilimbembeleza, nikamkaripia, nikamshika kidevu, wala hakufungua.

Aliyekuwa akimwaga ndoo, mwanamke wa kwao ambaye nilikuwa nimemtuma siku tatu bila hata kumsalimu, alisimama.

"Sista, kwetu mwenye kuleta anaonja kwanza," alisema. "Wewe umevaa glavu, umefunga mdomo. Hii maji hata wewe unaogopa."

Nilikasirika, maana ilikuwa kweli. Maji yale niliyachemsha na kuyachanganya mwenyewe, nami nilijua ni salama. Lakini tangu nifike nilikuwa nikinywa soda tu, kreti nzima niliyotoka nayo Lodwar. Nikamwaza mwanangu. Kisha nikavua glavu, nikanawa, nikashusha barakoa, nikamimina kutoka jagi lile lile na kunywa kikombe kizima mbele ya yule mgonjwa.

Akafungua mdomo. Tulimnywesha kijiko kwa kijiko, na baadaye nikaonja mbele ya kila kitanda mpaka tumbo likajaa kama kiriba. Jioni yule mama alinyoosha mkono mwenyewe kudai kikombe.

Wiki ilipokwisha, gari lilikuja kunichukua. Begi lilikuwa tayari na fomu ya likizo mfukoni. Nilimpa yule mwenzangu wa ndoo jagi, nikamwambia sasa yeye ndiye mwonjaji. Hakulipokea.

"Mimi hata nikionja, wanajua sina pa kwenda," alisema. "Wewe ndio uko na gari."

Nilimpa dereva ile fomu amrudishie matroni, nikamwomba pia ampigie mama simu. Gari lilipoondoka nilienda nyuma ya hema nikalia, nikimtaka mwanangu. Halafu nikanawa mikono, nikarudi ndani na kumimina kikombe cha kwanza.