Niliichambua filamu ya kauboi mbele ya aliyenifanya niipende

Wakuu, salaam. Haya yamenitokea mwenyewe na sijaongeza kitu.

Enzi za mabanda ya video hapa Nachingwea, mtafsiri wetu alikuwa kaka Issa. Alisimama kando ya TV na kipaza sauti, makauboi wakaongea Kiswahili.

Filamu moja tuliiomba kila Jumapili. Mwishoni shujaa anamsamehe aliyemuua kaka yake, kwa maneno marefu. Watu wazima walilia.

Mwaka huu nimeipata mtandaoni. Kiingereza nilijifunza mwenyewe kwa kamusi, kwa hiyo niliitazama mara tatu, daftari mkononi.

Udhaifu: ni ya bajeti ndogo na inaonekana. Farasi yule yule anakufa mara mbili. Jangwani kuna alama za matairi. Jambazi mmoja kavaa saa ya mkononi.

Uzuri: nyuso zilizochoka kweli, vumbi la kweli, na ukimya kabla ya risasi.

Halafu nikagundua kwamba msamaha haumo. Shujaa anasema tu, "Panda farasi, twende." Mengine yote aliyatunga Issa.

Nikabeba laptop hadi Nandagala, Ruangwa, anakolima korosho siku hizi. Alifurahi sana. Akaita wajukuu, akashika kikombe cha bati kama kipaza sauti.

"Kaeni kimya, babu yuko kazini!"

Sauti ilikuwa ile ile. Tulipofika kwenye msamaha, mimi nikasimamisha filamu.

"Kaka, hapo hasemi hivyo." Nikamsomea subtitles, nikizitafsiri.

Mjukuu mmoja akacheka. "Kumbe babu alikuwa anawapiga kamba!"

Wote wakacheka. Issa akaweka kikombe chini.

"Basi malizia wewe, mdogo wangu. Wewe ndiye msomi."

Nilimalizia, neno kwa neno, bila kosa. Watoto waliondoka mmoja mmoja kabla haijaisha.

Nimerudi mara mbili kumwomba asimulie tena, nimrekodi. Ananikaribisha, ananipa chai, anauliza habari za nyumbani. Filamu hataki kuisikia.

Nilichojifunza: nilikagua kila kitu isipokuwa sababu ya watu kulia.

Kama humu yupo aliyekaa kwenye banda lile na anakumbuka maneno ya Issa pale kwenye msamaha, hata sentensi moja, aiandike hapa chini. Nitampelekea Issa kule Nandagala, nimsomee mbele ya wajukuu zake.