Msasa Kwenye Mahari ya Mama

Kitu cha kwanza cha kijinga nilichofanya, na nakitaja mapema ili msije mkasema nilikificha, ni kuipiga msasa mahari ya mama yangu. Msasa wa seremala, ule mkali. Nikamalizia kwa chumvi na ndimu, kama mtu anayeandaa samaki wa kukaanga.

Mahari yenyewe ni baiskeli. Baba enzi hizo alikuwa karani wa ghala la korosho huko kusini, kijana wa bara asiye na ng'ombe wala ndugu wa karibu. Alichokuwa nacho ni mshahara na baiskeli nyeusi mpya, aliyoinunua msimu ambao korosho zilikuwa na bei. Akamwona mama, akaona na baiskeli, akaamua kipi abaki nacho. Babu mzaa mama aliizunguka ile baiskeli, akagonga kengele, akasema maneno ambayo kwetu yanarudiwa kila Krismasi mpaka nayaota: "Umenipa chombo hakina mkwaruzo. Nami nakupa binti hana mkwaruzo. Tuko wote hapa duniani, tutaona nani mtunzaji."

Kuanzia hapo ikawa ligi. Baba akipiga simu kusini, salamu zilikuwa hivi:

"Shikamoo baba. Chombo hakijambo?"

"Hakijambo. Na cha kwangu?"

"Kipo, kinapika."

"Na kinasikia pia," mama alikuwa anajibu kutoka jikoni.

Sasa babu katika kuitunza alitumia njia moja tu: hakuifungua. Unajua baiskeli mpya inavyotoka dukani imeviringishwa karatasi kwenye fremu? Watu wengine huitoa. Babu aliiacha, na juu ya karatasi akazungushia nailoni, na nailoni ikichakaa aliibadilisha kipande kwa kipande kama muuguzi anayebadilisha bandeji. Alikwenda nayo kanisani, shambani na misibani, imevaa vile vile. Ni kama yale makochi yanayobaki na plastiki zake sebuleni mpaka mtoto aliyezaliwa siku yanaletwa anakuja kuyakalia na mchumba wake. Kijijini kwake wapo watu wazima ambao wamekuwa wakiiona baiskeli hiyo maisha yao yote na hawajui ina rangi gani.

Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa na maelezo yake. "Mtu hafichi kizuri," alikuwa anasema. "Hiyo rangi ilishakwisha zamani. Mzee kafunga kidonda."

Maneno hayo yalisafiri mpaka kusini, maana maneno ya shangazi hayahitaji nauli. Babu akayameza. Halafu mwaka huu baba na mama wakaamua kubariki ndoa yao kanisani, maana ile ya mwanzo ilikuwa ya kimila tu. Babu akashuka stendi na begi moja dogo na baiskeli yake, iliyosafiri kwenye tumbo la basi. Nyumbani kwetu Boko, kabla hata hajapewa maji, akatangaza: "Siku ya sherehe naifungua. Mbele ya wakwe wote. Huyo shangazi yenu naomba akae mstari wa mbele."

Hapo ndipo mjue ishu ilikuwa na uzito gani. Kwa babu haikuwa baiskeli tena. Ilikuwa ni neno lake, alilolibeba miaka yote hiyo bila kulikwaruza.

Akaiweka stoo, akaondoka kwenda kukaa siku chache kwa mjomba Kurasini. Kabla hajaenda akaniita mie. "Mjukuu wangu, wewe ndiye dume la hapa baba yako akiwa kazini. Hiyo nakuachia. Usiifungue."

"Sawa babu."

Na nilimaanisha. Nilimaanisha mpaka kesho yake mchana.

Nina ugonjwa, jamani. Kuna ukurasa mmoja mtandaoni unaweka picha za vitu vya zamani: redio za mkulima, pasi za mkaa, na hasa baiskeli. Watu wanaziita vinteji. Baiskeli imechoka, imeegemea ukuta umechoka, na chini yake maoni kibao: "Duh, hii ina roho." Mie nilishatuma picha ya chupa yetu ya chai iliyobonyea. Aliyeipenda ni dada yangu peke yake, na yeye ni kwa sababu picha niliipiga kwa simu yake. Shuleni wakaniita Mzee wa Chupa. Kidato cha tatu kizima. Sasa niambieni, mtu umeitwa Mzee wa Chupa, na stoo kwenu kuna baiskeli iliyozitangulia simu zote za darasa lenu. Ungelala?

Mpango ulikuwa mdogo tu. Naifungua, napiga picha, naifunga. Nikaitoa nyuma ya nyumba, nikakata nailoni taratibu, nikabandua karatasi iliyokuwa imekuwa njano kama kurasa za kitabu cha nyimbo.

Ilikuwa mpya.

Mpya ya kukera! Nyeusi tii, inang'aa, ina vistari vya dhahabu kwenye fremu vimenyooka kama vya jana. Kwenye madigadi nilijiona sura yangu yote, chunusi mpaka chunusi. Niliipiga picha moja kwa simu ya dada, pale pale iliposimama, kati ya ndoo ya kuogea na mlango wa choo, nikaitazama, nikasikitika. Ilikuwa kama tangazo la duka. Nani ataamini hii ni ya zamani? Babu ameitunza vizuri mno mpaka kaiharibia soko.

Shetani haji na pembe. Kwangu alikuja na kipande cha msasa kilichobaki fundi alipotengeneza kabati. Nilianza kidogo, kwenye kona ya fremu. Ukaonekana uchakavu mzuri. Nikaongeza. Kuzeesha kitu ni kama kunyoa nywele mwenyewe: ukirekebisha upande huu, unagundua ule mwingine umebaki mpya. Nikapitia madigadi, hendo, kava la cheni. Kisha ndimu na chumvi, nikaificha kwenye pagale la jirani, ile nyumba ambayo haijaezekwa tangu nazaliwa. Upepo wa bahari unaotoka upande wa Kunduchi ukamalizia kazi. Nilipoirudia ilikuwa imevaa kutu ya rangi ya chai ya rangi. Watu wa pwani wamehangaika na kutu tangu enzi na enzi, nadhani ni mie wa kwanza kuiona nikashangilia.

Picha ndiyo niliipiga, na hapo sitajishusha. Baiskeli haipigwi kiholela. Upande wa cheni ndio uso wake, huo ndio unautazamisha kamera. Upande wa pili ni kisogo. Pedali ya mbele iwe imelala sawasawa, isining'inie kama mguu wa mlevi. Usipige ukiwa umesimama, utaifanya mbilikimo: lala chini, acha wapita njia wakuonee huruma. Na subiri jua lishuke kidogo, lipite kwenye tundu la dirisha la pagale, liguse kengele peke yake. Nililala kwenye vumbi la saruji mpaka sisimizi wakanizoea. Lakini ilipotokea, jamani! Matofali yasiyopigwa lipu, majani yameota sakafuni, na ile baiskeli imeegemea pale kama iliyosahauliwa na mtu aliyekwenda kutafuta maisha asirudi.

Ukurasa ukaiweka. Maoni yakamiminika. "Hii imepita mengi." Ni kweli, imepita mengi, yote juzi. Mwingine akaandika kwamba akiitazama anamkumbuka marehemu babu yake. Mie nikamkumbuka wangu, ambaye hakuwa marehemu na alikuwa anarudi Ijumaa.

Nikaiviringisha upya, karatasi ndani, nailoni juu, nikairudisha stoo. Kwa nje huwezi kujua. Nikajiambia, labda atabadili mawazo asiifungue. Nikiwa na matatizo nakuwaga na imani sana.

Babu akarudi, akakaa sebuleni, dada akamwonyesha ile picha kwenye simu ili amfurahishe. Dada hakujua lolote, alidhani nimeiokota baiskeli ya watu huko.

"Babu, ona kazi ya mjukuu wako. Watu wanaisifia hao!"

Babu akaivuta simu mbali, akakunja uso. "Baiskeli ya nani hii?"

"Ya mtu tu, babu," nikasema haraka.

"Masikini. Chombo kimekosa mwenyewe." Akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Mtu anayeacha chombo kikafika hivi, mkewe anakula kweli? Mwambie huyo mtu nimesema hana adabu."

"Nitamwambia, babu."

Jumamosi ikafika. Kanisani kila kitu kilikwenda vizuri, na hiyo ndiyo shida ya mambo mazuri, yanakwisha upesi. Tukarudi nyumbani, matenti yamejaa, pilau inanukia, wakwe wa bara upande huu, wa kusini upande ule, MC katikati anatania pande zote. Shangazi mstari wa mbele, kama alivyoombwa. Nikamfuata babu sikioni.

"Babu, mie naona usiifungue. Iache hivyo hivyo, wabaki na hamu."

"Hamu wamekaa nayo miaka yote hii, mjukuu wangu. Leo washibe. Nishikie."

Nikaishika hendo mwenyewe, mbele ya watu wote, babu akachomoa kisu kidogo. Nailoni ya kwanza ikaanguka. Nikatazama juu, nikawa nahesabu mabomba ya tenti. Nikasikia karatasi inachanika. Halafu MC akashusha maiki, na kwenye sherehe ya Boko MC kushusha maiki ni jambo la kutisha.

Babu alikuwa ameishika fremu. Kidole chake kilikuwa kinapita kwenye kutu, kinakwenda na kurudi, kama mtu anayepapasa paji la uso la mtoto mwenye homa.

Shangazi akasema kwa ajili ya wote. "Mzee wetu, si nilisema? Tangu mwanzo nilisema. Mtu hafichi kizuri!"

Upande wa bara wakacheka. Si kwa ubaya, ni utani wa wakwe. Lakini babu alionekana amepungua kimo ndani ya koti lake. Nimeshamwona babu yangu amechoka, nimeshamwona anaumwa. Sikuwahi kumwona anachekwa. Na kwa mara ya kwanza maishani, hata mie mzaha uliniisha.

"Ni mie," nikasema. Sauti ikatoka kama ya kuku. MC, Mungu amsamehe, akaniwekea maiki mdomoni. "NI MIE. Ilikuwa mpya. Niliipiga msasa ili ipendeze kwenye picha."

"Muongo," shangazi akasema. "Anamkingia babu yake."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Nikamnyang'anya dada simu, nikatafuta ile picha ya kwanza, ile mbaya, ambayo sikuifuta kwa uvivu tu. Nikampa babu.

Akaivuta mbali na macho. Akaitazama sana. "Hii ni nini hapa?"

"Ndoo ya kuogea, babu."

"Na huu?"

"Mlango wa choo."

Akainyanyua simu juu, akaizungusha kwa watu kama padri anayeonyesha hostia. "Mnaiona? Mnaiona rangi hiyo? Hata mlangoni pa choo inawaka!" Simu ikapita mkono kwa mkono. Shangazi akaikuza picha kwa vidole, akakuza mpaka kwenye vistari vya dhahabu. Wakwe wa kusini wakapiga vigelegele. Picha niliyoilalia chini na sisimizi hakuna aliyeiulizia.

"Basi sawa, Mzee," shangazi akasema, "umeitunza. Lakini imekwaruzwa, na imekwaruzwa na mjukuu wako."

"Mjukuu wangu?" Babu akanitazama kama mtu baki aliyemkuta kituoni. "Huyu ni damu yenu. Kwa hiyo mahari mmeiharibu wenyewe."

"Ehee! Huko kwenu kusini si mnasema mtoto ni wa ukoo wa mama? Mwaka jana alipofaulu ulisema ni wenu!"

"Alipofaulu alikuwa wetu," babu akasema. "Leo tunafuata mila za bara."

Watu walicheka mpaka mpishi akaja kuchungulia. Mie nilisimama katikati nimeshika hendo, mtoto wa koo mbili, hakuna ukoo unaonitaka. Babu alikuwa amerudi kwenye kimo chake. Akamwita mama, akamzungusha taratibu na gauni lake jeupe mbele ya wote, akamgeukia baba: "Chombo chako mmeshakiona kwenye simu. Changu hiki hapa. Hakina mkwaruzo. Droo." Wakakumbatiana. Mie sikuguswa na mtu, wala kwa kofi wala kwa kukumbatiwa, nikajua faili langu limepelekwa ngazi ya juu.

Ngazi ya juu ilinikuta nyuma ya nyumba wageni walipoanza kuaga. Mama alikuwa bado amevaa gauni, kalishika pindo lisiguse matope. Aliniangalia, akaiangalia baiskeli niliyokuwa nimeiegemeza pale pale, kati ya ndoo na mlango wa choo. Kisha akasema:

"Baba yako miaka yote hii anajaribu kunizeesha, kashindwa. Wewe umeweza kwa mchana mmoja. Haya, kachukue msasa wako uje huku, masufuria ya pilau yana ukoko. Na yang'ae. Kwenye masufuria yangu sitaki vinteji."